Leo Nimekusamehe, Kesho Sijui

Daftari hili Bwana Padri wa misheni alinipa niandike mahudhurio ya darasa la kusoma. Mahudhurio yamekula kurasa nne tu. Zilizobaki nitaandika mambo ya Kefa, mwalimu wa kanisa la ukingoni mwa mbuga ya Bahi, mtu mwenye hasira za karibu na kiburi cha mbali, ambaye Mungu amemwokoa na bado anaendelea na kazi hiyo. Anayetaka kucheka na acheke.

Novemba 27, 1910. Jumapili.
Watu kumi na mmoja ibadani, na mmoja wao alilala. Vijana wamekwenda Dodoma kwenye kazi ya reli ya Wadachi. Wazee wako kwa mtemi wakingoja habari za mvua. Nilihubiri kwa ukali. Njiani kurudi mke wangu Priska akaniambia, "Leo umewagombeza waliokuja kwa sababu ya wasiokuja." Nikaongeza mwendo, maana ni kweli.

Novemba 30.
Jua.

Desemba 1.
Jua. Seth, mwalimu wa kijiji cha pili, amepita kutusalimu. Kanisa lake lina watu sitini. Alilisema jambo hilo mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Pasaka Bwana Padri atachagua mmoja wetu aende kusomea uchungaji. Nimemwomba Mungu anisaidie kumfurahia Seth. Baada ya chakula nimeomba tena, maana ile sala ya kwanza haikushika.

Desemba 4. Jumapili.
Nimehubiri juu ya neema. Kwa Kigogo bado hatujakubaliana neno, kwa hiyo Bwana Padri alisema tutumie hilo hilo la Kiswahili. Nikawaambia: neema ya Mungu haikosi hata siku moja, leo ipo na kesho ipo, inashuka kutoka juu kwa wema na kwa wabaya, wala hainunuliwi kwa kondoo mweusi. Lo! Watu waliinua vichwa. Wakaanza kunong'onezana. Hata yule wa kulala aliamka. Tangu nije hapa sijaona kanisa limechangamka namna hiyo.

Desemba 7.
Mawingu. Manyunyu kidogo alasiri.

Desemba 11. Jumapili.
Watu arobaini na watatu! Bwana asifiwe.

Desemba 12.
Amekuja Hasani, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu safi, anayenunua chumvi ya mbugani na kuibeba kwa punda. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hukitumia kunitania.

"Mwalimu, nasikia siku hizi umekuwa mganga wa mvua."

"Nani kasema?"

"Kijiji kizima. Wanasema mtemi anadai kondoo mweusi ili mvua inyeshe, lakini kwako neema ni bure."

"Neema ya Mungu ni bure. Ndivyo nilivyofundisha."

"Haya. Hebu nikuulize. Mtu wa huku ukimwambia mwaka huu ni mwaka wa neema, anaona nini?"

Hilo nalijua. Anaona mtama umejaa ghalani, mlenda umestawi, ng'ombe wana maziwa. Anaona mvua.

"Basi," akasema Hasani, "wewe umewaahidi mvua kila siku bila kukosa. Wallahi, hata mimi ningekuja kusali kwako!" Akaswaga punda wake akiwa anacheka. Mimi sikucheka. Jumapili nitalisahihisha.

Desemba 18. Jumapili.
Watu sitini na wanane. Wanane zaidi ya Seth. Sikusahihisha. Nilijiambia kwamba wakishaingia watafundishwa polepole. Moyo wangu ni hodari sana wa kunitetea, na kesi zangu zote huzishinda.

Desemba 20.
Jana imenyesha mvua nzuri ya kwanza. Leo asubuhi amekuja Mama Anyesi. Ni mjane, nilimfundisha mimi mwenyewe na akabatizwa mwaka juzi. Mwanawe Mazengo yuko relini, kwa hiyo shamba ni lake peke yake. Alikuwa amebeba kibuyu cha mbegu.

"Mwalimu, ile neema uliyosema. Itaendelea? Maana nikipanda yote leo, sina nyingine."

Niandike wazi hapa, kwa kuwa mahali pengine sijaandika. Huku hakuna mtu anayepanda mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Nusu inarudi kuning'inia juu ya moshi wa jiko, kwa sababu mvua ya kwanza huja ikatoroka. Nilijua ananiuliza habari ya mvua. Nilielewa kama ninavyoelewa jina langu nikiitwa. Lakini mlangoni walisimama watu wanne wakisikiliza, wageni wote, na niliwataka wale watu.

Nikasema, "Itaendelea, Mama. Usiwe na shaka."

Akanishukuru. Akaenda kuberega shamba zima, yaani kupanda bila kulima kwanza, ili ardhi isimkaukie.

Desemba 25.
Krismasi. Watu tisini na wanne, wengine walikaa nje. Hakuna mvua.

Desemba 30.
Jua. Mtama wa Mama Anyesi umechomoza urefu wa kidole.

Januari 3, 1911.
Jua.

Januari 6.
Jua. Majani yamejikunja.

Januari 10.
Jua. Nimezunguka njia ya mbali nisipite shambani kwake.

Januari 12.
Nimezunguka tena. Priska ameniuliza kwa nini kuni za leo nimezitafuta upande usio na miti. Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mboga mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mbona unaniambia mimi? Mimi sikupanda."

Januari 15. Jumapili.
Siku mbaya, nami niiandike yote.

Watu ishirini. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, vizuri mno. Nikasema, "Ndugu zangu, pametokea kutoelewana juu ya neno. Neema ninayohubiri mimi si mvua. Ni upendo wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Neno hili la Kiswahili lina maana mbili, na baadhi yenu mmeshika ile nyingine." Nikafurahi lilivyotoka. Neno ndilo lililokosa, na mimi ni mwalimu tu.

Mama Anyesi akasimama. Ni mfupi, na akisimama ni kama bado amekaa, lakini kila mtu alimwona.

"Mwalimu, neno halina mdomo," akasema. "Nilikuja kwako na kibuyu mkononi. Sikuuliza habari ya upendo. Mtu anauliza upendo akiwa na kibuyu cha mbegu?"

Mmoja akacheka, akajizuia.

"Nilikuuliza, ukanijibu. Ulijua ninauliza nini, au hukujua?"

Mungu wangu! Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu, "nilijua," na ningekuwa mtu huru. Badala yake nikasema, "Mama, tutazungumza nyumbani. Na tuombe." Nikaomba sala ndefu kuliko zote nilizowahi kuomba, na nilipofumbua macho yeye hakuwapo. Mdomo huponza kichwa, lakini leo kilichoniponza ni mdomo kukataa kufunguka.

Januari 16.
Asubuhi nimempelekea Mama Anyesi nusu yetu ya mbegu, ile Priska aliyoitundika juu ya moshi. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama. Nilijua. Nilijua unauliza mvua, nikakujibu hivyo ili wale watu wanne wasiondoke. Nisamehe."

Akachungulia ndani ya mfuko niliompa, akazinusa mbegu. "Mbegu nimepokea," akasema. "Hasira bado ninayo."

Januari 17.
Kabla sijanawa uso nasikia mlangoni, "Mbukwa, Mwalimu." Mama Anyesi. "Leo nimekusamehe," akasema, akageuka akaenda zake.

Nimemwimbia Bwana asubuhi nzima. Nikamwambia Priska, "Imekwisha." Priska akasema, "Haya."

Januari 18.
Mama Anyesi tena mlangoni. "Leo nimekusamehe."

"Lakini Mama, si ulinisamehe jana?"

"Ya jana ilikuwa ya jana. Leo nimetoka nje nikaliona lile shamba, hasira ikawa imeamka kabla yangu. Basi nimekusamehe tena. Kesho sijui."

Januari 19.
Amekuja. Amesamehe.

Januari 20.
Amekuja. Amesamehe. Majirani wameanza kuchungulia.

Januari 22. Jumapili.
Mvua! Imeanza usiku, na asubuhi njia zote ni mito. Paa la tembe letu linavuja sehemu tano, na Priska ana vyungu vinne. Watu sita tu ibadani. Mama Anyesi alikuja ameloa chapachapa, akasamehe, akakimbia kupanda.

Januari 25.
Mvua. Amekuja.

Januari 29. Jumapili.
Watu themanini. Mvua imewafuta kumbukumbu, nami sikuwakumbusha. Baada ya ibada wazee watatu wakaniletea kondoo mweusi, yule yule anayepelekwa kwa mtemi mvua ikitakwa. "Kwa Mwalimu wa neema," wakasema.

Nilisema, "Mshukuruni Mungu." Ni maneno mazuri, lakini si sawa na kusema "hapana." Kondoo akafungwa mlangoni kwangu. Wapita njia wakamwona, nami nikaona wanavyomwona. Saa mbili nzima! Mpaka Priska akaniuliza, "Huyu mgeni analala wapi?" Ndipo nikamfungua, nikamrudisha kwa wenyewe huku matope yananifika magotini. Nilipofika nikasema mvua si yangu. Wakaona ni unyenyekevu, wakazidi kunisifu. Ala! Kumbe hata ukweli ukiusema nusu unaliwa kama uwongo.

Februari 3.
Amekuja.

Februari 8.
Amekuja. Leo alikuwa na haraka, akasema njiani bila kusimama, "Nimekusamehe, Mwalimu!" Kundi la wanawake kisimani likacheka mpaka mitungi ikayumba.

Februari 14.
Nimemfokea. Mzee, mjane, ameloa umande mpaka magotini, nami nikamfokea.

"Mama, mpaka lini? Nimekiri, nimelipa mbegu, shamba lako limeota kuliko langu. Unanifanya kichekesho! Ukisamehe, samehe mara moja yaishe!"

Alinitazama kwa utulivu kabisa. "Ile sala uliyonifundisha," akasema, "pale pa chakula tunaomba cha lini?"

"Cha leo."

"Si cha mwezi mzima?"

"Cha leo."

"Na pale pa makosa, wewe Mwalimu unapasema mara ngapi?"

"Kila siku."

"Je, Mungu amekuuliza mpaka lini?"

Akaongeza, bila ukali, "Mimi sina ghala la msamaha, mwanangu. Naamka sina. Naomba, napewa kidogo, nakuletea kikiwa bado kina moto. Na jambo lingine, mimi unanidai msamaha, lakini uliowadanganya ni wengi." Akaenda.

Februari 15.
Hakuja. Nimefurahi.

Februari 16.
Hakuja. Sikufurahi.

Februari 17.
Hakuja. Nilikaa mlangoni mpaka jua likapanda. Nikasema, kwani miguu yangu ina nini? Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anapalilia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo bado," akasema, akanisogezea jembe.

Tulipalilia bila maneno mpaka adhuhuri, mgongo ukataka kukatika. Ndipo akajinyoosha, akafuta uso. "Haya, leo nimekusamehe. Ila umenikatia miche mitatu ya mtama."

Februari 18 hadi 25.
Kila asubuhi nimekwenda mimi. Siku nyingine anasamehe nikiwa bado njiani, ananipungia mkono. Alhamisi ilimchukua mpaka saa tisa. Sasa natofautisha mtama na magugu.

Machi 9.
Zamani nilimhesabu Mama Anyesi katika wale wasioelewa. Nilikuwa namweleza mambo polepole, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi. Leo nimeona kwamba katika watu wote wa kanisa langu, ni yeye peke yake aliyechukua neno langu akaenda nalo shambani. Wengine walilisikia tu. Na mimi niliyelisema sikulitumia popote.

Jambo jingine. Mimi nilidhani kiburi changu kilikufa siku ya ubatizo wangu. Lakini kila nikiamka kimeketi kitandani kinavaa viatu. Basi nami nisishangae kwamba hasira yake inaamka. Tunaamka wote, na Mungu naye ameamka kabla yetu. Leo neno hili limenipa nguvu sana, sijui kwa nini.

Machi 21.
Mvua. Mtama umefika kifuani.

Aprili 9. Jumapili.
Watu mia moja. Bado sijawaambia. Bwana Padri anakuja wiki ijayo.

Aprili 16. Pasaka.
Watu mia na ishirini, pamoja na Seth na watu wake. Bwana Padri alitazama umati, akanishika bega, akasema, "Kefa, kazi njema." Nilijua kilichokuwa kinakuja, nami nilikitaka mpaka mate yakanijaa.

Kabla ya meza ya Bwana akauliza, kama kawaida, kama yupo mwenye neno na mwenzake.

Mama Anyesi akasimama. "Mimi ninalo."

"Na nani, Mama?"

"Na Mwalimu."

Bwana Padri akanitazama. "Hujamsamehe?"

"Jana nilimsamehe. Leo bado, ndiyo kwanza asubuhi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Padri hakucheka. "Mama, msamaha hautolewi vipande vipande."

"Bwana Padri, mimi mzee. Sina meno ya kutafuna wote siku moja."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na katika kicheko hicho nikaona ningeweza kupona. Wote walikuwa upande wangu. Ningetabasamu tu, niseme "ni mama yetu, tumemzoea," ibada iendelee. Moyo wangu ulikwisha kuandaa utetezi. Nikasimama haraka kabla haujaanza kuongea.

"Msicheke," nikasema. "Desemba, Mama huyu aliniuliza kama mvua itaendelea. Nilijua anauliza mvua. Sikuijua mvua, wala hakuna mtu anayeijua. Nikamwambia itaendelea, kwa sababu palikuwa na watu wanaosikiliza nami nilitaka viti hivi vijae. Ninyi nanyi mlidhani ninahubiri mvua. Nililijua hilo tangu Desemba kumi na mbili, nikanyamaza, kwa kuwa mlikuwa mnaongezeka. Januari nikawaambia neno ndilo lililokosa. Neno halikukosa. Nilikosa mimi. Na yule kondoo mweusi alikaa mlangoni kwangu saa mbili, na katika saa hizo mbili nilikuwa nimefurahi."

Mzee mmoja wa wale walioleta kondoo akauliza, "Kwa hiyo neema haipo?"

"Ipo, Baba! Ipo kila siku, kama nilivyosema. Hilo peke yake sikuwadanganya. Mvua ikija, ipo. Jua likichoma mtama, ipo. Mimi ninayesimama hapa ndiye shahidi, maana ningekuwa nimeshatupwa zamani."

Akafikiri, akachukua fimbo yake, akatoka. Wengine wakamfuata. Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha. Kisha nikamsikia Mama Anyesi, kwa sauti ile ile ya mlangoni, "Leo nimemsamehe." Akapita mbele ya wote akaenda mezani, nami nikamfuata.

Aprili 17.
Bwana Padri ameniita pembeni. Ameongea nami kwa upole. Mwaka huu atakwenda Seth. "Wewe mwaka mwingine tutaona." Nikasema asante. Wameondoka pamoja, Seth akiwa amebeba mkoba wa Bwana Padri.

Aprili 18.
Nina hasira. Nimekiri mbele ya watu, na haya ndiyo malipo? Kama ningetabasamu tu! Priska ameniambia nile. Sijala.

Aprili 19.
Bado hasira. Zaidi ya jana. Nimekula, lakini kwa hasira.

Aprili 20.
Asubuhi nimekwenda kwa Mama Anyesi kama kawaida. Mtama wake umebeba mpaka unainama, naye alikuwa akifukuza ndege kwa kupiga debe.

"Leo nimekusamehe, mapema," akasema. "Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Mama, nimeamka na hasira na Bwana Padri. Na Seth pia. Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi. Naomba, inaondoka, naamka iko pale pale."

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Umemwendea ukamwambia umemsamehe?"

"Yuko misheni, Mama. Ni safari ya siku mbili kwa miguu."

Akaacha kupiga debe, akatazama jua limefika wapi. "Ukitoka sasa utafika kesho jioni. Ila utaamka mara moja njiani, kwa hiyo itabidi umsamehe upya kabla hujafika."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nimerudi nyumbani kumweleza Priska tucheke pamoja, nikakuta amekwisha kunifungia ugali na nyama kavu.

Naandika haya nimesimama. Wiki hii darasa la kusoma litafundishwa na Priska, na Jumapili nadhani kutakuwa na watu kumi na mmoja. Ni wengi. Seth nimeshamsamehe hapa hapa mlangoni, imetoka kwa shida lakini imetoka. Bwana Padri nitaanza naye nikishavuka mto.